Kapellbrücke, Lucerne: daraja nyota tano, mwongozaji sijui nimpe ngapi

Hadi leo jambo hili bado linanikera. Tulilipia matembezi ya kuongozwa mjini Lucerne, Uswisi, na mimi hamu yangu yote ilikuwa daraja hili la mbao lenye paa linalovuka mto Reuss. Tulipofika, mwongozaji hata kulikanyaga hakulikanyaga. "Liliungua 1993, hili ni jipya, pigeni picha twende." Nikamuuliza habari za michoro, akatazama saa. Nikauliza tena, akanijibu mbele ya wageni wote kwamba nikitaka darasa niende makumbusho.

Mimi ni fundi seremala, na hilo "jipya" lilinichoma. Ni kweli, usiku wa kuamkia 18 Agosti 1993 moto ulilila sehemu kubwa ya daraja pamoja na takriban theluthi mbili ya michoro. Lakini ncha zake mbili zilipona, na Aprili 1994 watu walikuwa wanavuka tena. Kazi ya mbao ndivyo inavyoishi: ubao uliooza unatolewa, mwingine unaingia kwa ufundi uleule, tangu karne ya 14. Tena lilijengwa kuulinda mji, ndiyo maana kingo yake ya upande wa ziwa, mto unakotokea, imepandishwa juu kuliko ya upande wa pili. Paa nalo si pambo. Maungio yakiloa na kukauka kila mara huoza, kwa hiyo ukitaka daraja la mbao lidumu, lifunike. Tazama juu kwenye kenchi: ndani ya zile pembetatu ndimo ilimopachikwa michoro ya karne ya 17 ya Hans Heinrich Wägmann, ya historia ya mji na watakatifu wake. Shingo iliniuma na sikujali.

Nimtendee haki: ule mnara wa pembe nane ulio majini aliueleza vizuri, kwamba umelitangulia daraja na uliwahi kuwa gereza na hazina. Kwa hilo nilitaka kumpa nyota tatu. Lakini kisha akatupeleka duka la saa, tukakaa humo kuliko tulivyokaa darajani! Basi moja, na hiyo ni ya mnara.

Nendeni wenyewe, kuvuka ni bure. Halafu teremkeni na mto hadi Spreuerbrücke, daraja jingine la mbao lenye paa, mkaone michoro ya Kaspar Meglinger ya mauti akicheza na wafalme na maskini. Yule mwongozaji hata jina la daraja hilo hakulitaja.