Usiku wa komba Pugu: nyota moja, na sababu ninayo

Nianze na nyota kabisa: moja. Na hiyo moja si ya kampuni, ni ya kijana wa Kisarawe aliyetutangulia msituni na tochi ya mwanga mwekundu. Kampuni siitaji jina. Wakipita hapa watajijua.

Mimi naishi kwa flashi. Miaka kumi na kitu sasa napiga picha za harusi, sendofu na kicheni pati, kumbi za Sinza mpaka Mbagala, kwa hiyo asije mtu akaniambia naogopa mwanga. Ndiyo maana tangazo lao lilinishika: usiku mmoja msitu wa Pugu, kutafuta komba, flashi ruksa. Nimekulia Kigamboni. Enzi hizo usiku tulikuwa tunamsikia komba akilia minazini kama mtoto aliyeachwa peke yake, bibi anatuambia huyo kafuata tembo la wagema, laleni. Nimemsikia utotoni mwangu mwote na sina picha yake hata moja. Pesa nikatuma siku hiyo hiyo.

Ilikuwa juzijuzi tu, vuli imeshakatika lakini njia bado matope. Foleni ya Gongo la Mboto ikatula karibu saa nzima, tukafika Pugu Kajiungeni kiza kimeshaingia. Ndani ya Noah kiongozi wetu akawa anatupa hadithi, na nakiri, alikuwa anazijua. Alitueleza habari za Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezunguka nchi hii hii mwanzoni mwa karne ya 20 akipiga picha za simba usiku kwa unga wa magnesiamu, punda kamfunga kama chambo, unga unalipuka kwa kishindo na moshi. Nikampenda yule kaka. Nikasema moyoni, leo nimepata mtu mwenye kazi yake.

Tuliposhuka lenzi zote zikaingia ukungu, maana kiyoyozi kilikuwa kinapuliza njia nzima na nje kuna joto la pwani. Jambo dogo, angetuambia mapema tuzime. Nikalipuuza.

Tukatembea kama nusu saa. Yule kijana mbele, kimya, hatua zake hata hazivunji kijiti. Ghafla akainua mkono. "Anti, zima ya kwako. Sikiliza kwanza." Nikazima. Juu yetu kukatoka mlio mwembamba, unaviringika, unakatika, unarudia. Akaninong'oneza kwamba komba wako wa aina nyingi na kwa sura wanafanana, mlio ndio unaowatenganisha. Huu, akasema, ni wa yule mdogo, yule aliyepewa jina la Rondo kule Lindi. Jamani, komba huyo anapatikana kwenye misitu michache tu ya pwani yetu, dunia nzima hana kwingine, na yuko hatarini kutoweka. Uzito wake gramu sitini hivi. Yai la kuku la kawaida linaweza kumzidi. Na hapo alipokaa, ukipanda gari dakika chache tu uko kwenye daladala za Chanika!

Sasa hapa nieleze nilichofanya mimi, ili lawama zangu zieleweke. Flashi niliitoa juu ya kamera, nikaishika kwa mkono wa kushoto nimeunyoosha mbali, nimeifunga kitambaa cheupe, nguvu nimeishusha mpaka 1/16, yaani sehemu moja tu kati ya kumi na sita ya nguvu yake yote. Nyuma ya jicho la komba kuna utando kama kioo, unaorudisha mwanga ili upite mara ya pili. Ndiyo maana anaona gizani, na ndiyo maana macho yake yanawaka ukimmulika. Flashi ikikaa juu ya lenzi, mwanga unaingia usoni na kurudi moja kwa moja, picha inakuwa na taa mbili badala ya macho, na mnyama kapigwa na jua la ghafla. Ukiitoa pembeni na kuipunguza unapata manyoya, unapata sikio, na yeye anaumia kidogo. Tena ukiipunguza hivyo mwako wake unakuwa mfupi mno, hata akiruka unamgandisha hewani. Nilipiga moja. Nikasubiri. Nikapiga ya pili. Nikashusha kamera.

Wenzangu walikuwa watatu, flashi zao juu ya kamera, nguvu zote. Siwalaumu sana, hakuna aliyewafundisha. Ninayemlaumu ni kiongozi. Alichomoa tochi nyeupe, ile kubwa ya walinzi, akammulika komba usoni, akaanza kumpigia mbinja. "Ngoja ageuke... ngoja... haya pigeni!" Wakapiga. Akamwinda tena na tochi, wakapiga tena. Nilihesabu miako kumi na nne, nikaacha kuhesabu. Yule mnyama kaling'ang'ania tawi, kichwa kakirudisha nyuma, hajui aende wapi. Mbali nisingejali, lakini ni hatua tano tu kutoka tulipo!

Kisha akaruka. Komba anaruka mita mbili bila wasiwasi, ndiyo maisha yake hayo. Huyu alilikosa tawi. Nikasikia majani, halafu kishindo kidogo chini kwenye kichaka.

Na kiongozi akasema: "Si mnamjua komba, kalewa huyo." Watu wakacheka.

Naandika mstari huo na mikono inatetemeka mpaka leo. Maneno ya bibi yangu yale. Wewe umemmwagia mtu mwanga mpaka haoni, halafu unasema kalewa!

Nikamwambia, kwa adabu, kaka, hebu zima hiyo tochi, mpe hata dakika kumi macho yatulie. Akanigeukia na tochi ile ile, usoni kwangu sasa. "Dada yangu, umelipa kupiga picha au umekuja kutufundisha kazi? Wenzako wamefurahi." Akaendelea mbele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; ukisoma watu wanavyommwagia sifa huko mtandaoni utaelewa ametoka wapi kiburi hicho.

Kijana peke yake ndiye aliyebaki na mimi. Alipiga magoti pale kichakani na mwanga wake mwekundu, akatafuta kwa muda mrefu. Hakumwona. Akaniambia kutomwona ni habari njema, maana yake kaondoka mwenyewe. Nataka kumwamini.

Wapo wanaosema flashi yoyote kwa mnyama wa usiku ni dhambi. Kabla ya usiku ule ningebishana nao mpaka asubuhi. Sasa sijui. Na mimi nilipiga mbili, na huenda zangu ndizo zilizoanza kumchanganya. Picha ya pili ninayo hapa: kageuza mgongo kidogo, mkia umechanua kama brashi ya kuoshea chupa, jicho moja linaonekana, jeusi, zima, lina uhai. Ni picha nzuri kuliko harusi zangu zote, na nisingeipata bila kampuni hiyo hiyo ninayoitukana. Kwa hiyo nilipofika hapa nilibadilisha nyota zikawa mbili. Nikaongeza ya tatu nilipomkumbuka yule kijana akiwa amepiga magoti kwenye matope. Gari lilikuwa safi, pia, na tulirudishwa salama mpaka Buguruni. Niliwaandikia malalamiko yangu, wakanijibu kwa upole na kunipa punguzo la safari ijayo. Nikajiambia, labda mtu mmoja mbaya asiharibu jina la wengine.

Halafu jana usiku nimefungua ukurasa wao. Wameweka picha ya jamaa mmoja wa msafara wetu, ndiyo tangazo lao jipya. Komba yule yule, tawi lile lile, macho mawili yameungua meupe kama vizibo vya soda, na chini wameandika "Komba mlevi wa Pugu, njoo umwone".

Nimerudi kwenye nyota moja. Punguzo lenu silitaki. Iondoeni ile picha kwanza.