Nimenunua skani za barua za wajiolojia wa 1834, nimeishia kugombana na mtu wa imeili

Jamani naandika bado nina hasira, mnisamehe. Miezi kadhaa iliyopita nililipia skani za barua za wajiolojia wa Uingereza kwenye jumba moja la kumbukumbu huko huko kwao, jina naliacha. Kazi yangu ni ramani za miamba, nalala porini wiki tatu halafu narudi ofisini naambiwa nimekosea na mtu ambaye hajakanyaga pale hata siku moja, sasa niliposikia habari za De la Beche, mjiolojia mmoja wa Uingereza wa enzi hizo, nikasema huyu ni mimi kabisa.

1834 jamaa yuko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, anachora ramani kwa hela ya serikali (anaihitaji, lile shamba la miwa la Jamaica walilolima watumwa halimlipi tena kama zamani), anakuta visukuku vya mimea ya aina ya makaa ya mawe ndani ya miamba ambayo kwa hesabu zake ni mikongwe mno, wakati mimea hiyo ilijulikana ni ya miamba ya baadaye. Anaandika barua London, inasomwa Geological Society, chama cha wajiolojia, mwenzake Murchison anasema haiwezekani, umesoma matabaka vibaya. Na mawe yenyewe hajaenda kuyaona! De la Beche akachora katuni, mtu anaonyesha pua yake, mabwana wenye miwani wanamwambia kwa mpangilio wao yeye hana pua. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Sasa skani. Ukurasa wa tatu ndio ulionitoa roho. Wino juu ya wino, mistari imepandana kama wavu wa dagaa, na ukingo wa kulia umekatwa, maneno yamebaki nusu nusu. Nikaandika imeili kwa adabu zote. Jibu: picha zetu zote hukaguliwa, hakuna tatizo upande wetu. Basi, hata samahani hakuna. Na najua hajaifungua maana nilimtajia ukurasa wa tatu yeye ananijibu kuhusu wa pili. Murchison mtupu! Nikamwandikia ya pili, ndefu, hiyo siwezi kuirudia hapa.

Halafu mtoto wa dada yangu, yuko form three, akachukua simu akaigeuza ubavu. "Anko, hii si imeandikwa mara mbili?" Weee. Kumbe kabla ya 1840 aliyekuwa analipia barua kwa kawaida ni mpokeaji, na bei inapanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, kwa hiyo mtu akijaza ukurasa anaugeuza anaandika tena kukatisha juu ya mistari ya kwanza. Hata bahasha ilihesabiwa karatasi, ndiyo maana barua inakunjwa yenyewe inapigwa lakiri, na kwenye yangu pana tundu pale lakiri ilipobanduliwa ikaondoka na maneno.

Kwa hiyo ule wavu wa dagaa haukuwa kosa lao, niliwasema bure. Lakini ukingo jamani! Kurasa nyingine zote zina pambizo, huu hauna, nimepima na rula.

Na ugomvi wa Devon nao uliisha hivyo hivyo. 1836 Murchison akaenda mwenyewe na mjiolojia mwingine, Sedgwick, wakakuta mimea ni ya makaa ya mawe kweli na tabaka lake liko juu, De la Beche alishika visukuku vya kweli akavipanga pabaya. Ila ule mwachano wa matabaka (yaani pengo la muda kati ya tabaka la juu na miamba mikongwe chini yake) ambao Murchison aliutegemea ili hoja yake isimame haukuonekana, maana yake miamba ya chini nayo haikuwa mikongwe vile, ikabidi wabuni kipindi kipya kabisa, Devonian, 1839.

Nilipanga kutoa nyota moja. Sasa natoa tatu, maana barua zenyewe ni tamu mno... hapana, mbili na nusu, lile "hakuna tatizo upande wetu" bado linanichoma. Ukinunua, geuza simu kwanza kabla hujatuma imeili. Ukingo wangu bado nausubiri.