Tangi la samaki la mtumba Dar es Salaam: lipi la kununua kwanza, lipi la kuliacha

Anayetafuta tangi la samaki la mtumba kwa mara ya kwanza huanza kuulizia samaki. Mimi ningemwomba aulizie sponji. Nasema lile sponji jeusi, lenye utelezi na harufu ya tope la mtoni, lililomo ndani ya chujio la tangi linalofanya kazi. Wauzaji wengi hulifua kwa sabuni siku moja kabla mnunuzi hajafika, ili mali ionekane safi, na hapo wanakuwa wametupa kitu chenye thamani kuliko kioo.

Sababu ni hii. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao huishi kwenye sponji, kwenye changarawe na kwenye kuta za tangi. Ukianza na tangi kavu, kuwajenga huchukua wiki 4 hadi 6. Ukianza na sponji lililo hai, kazi hiyo imeshafanyika. Samaki wengi wanaokufa wiki ya pili baada ya kununuliwa, na mwenye nyumba akalaumu duka, wameuawa na tangi lisilo na bakteria. Kwa hiyo nimepanga machaguo yangu kwa kuangalia kwanza kama yanakuja na uhai ndani yake, halafu ndipo bei.

Nafasi ya kwanza: seti kamili ya mtu anayehama

Masaki, Oysterbay, Mikocheni na Mbezi Beach hazikosi watu ambao mikataba yao ya kazi imeisha, na kila kitu ndani ya nyumba kinatakiwa kiondoke ndani ya wiki moja. Hapo unapata tangi, meza yake, chujio, taa, changarawe, mara nyingine na samaki wenyewe. Matangazo hupita kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook, na yakipita hayakai. Langu la futi tatu nililipata hivyo kwa mama mmoja wa Mikocheni, 150,000 pamoja na meza ya chuma. Nilipompigia nilimwambia, "Shikamoo mama. Nakuja Jumamosi, naomba hilo chujio usilioshe kabisa." Akaniitikia, "Marahaba mwanangu, mbona chafu?" Nikamwambia uchafu huo ndio ninaoufuata.

Siku ya kuchukua, nenda na ndoo nne au tano zenye mifuniko. Sponji liingie kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, si ya bomba, na mfuniko uache wazi kidogo kwa sababu bakteria hao wanahitaji hewa. Samaki wakae ndoo nyingine, maji nusu tu, ili nafasi ya hewa iwe kubwa. Changarawe itoe yote. Watu huona uvivu hapa wakaiacha chini ya tangi pamoja na maji kidogo, kisha gari likipita tuta la kwanza, kioo cha chini kinapata ufa. Kirikuu chenye godoro la zamani nyuma kinatosha. Bajaji usijaribu kwa chochote kilichozidi futi mbili. Nenda asubuhi mapema, kwa sababu foleni ya saa sita mchana ni mateso kwa samaki walio ndani ya ndoo.

Nafasi ya pili: tangi tupu lililokauka

Haya ndiyo mengi zaidi mjini: yamekaa barazani, stoo ya mgahawa, nyuma ya saluni, mengine yamegeuzwa makabati ya viatu. Bei yake huwa ndogo kwa sababu mwenyewe amechoka kulizunguka, nawe una haki ya kuishusha zaidi. Kasoro yake ni kwamba halina bakteria, na silikoni, ile gundi inayounganisha vioo, ikikaa kavu kwa miaka, hasa kwenye jua, huanza kuachia.

Lichunguze kwa utaratibu. Pitisha ukucha juu ya silikoni ya ndani kwenye kona zote nne na mzunguko wa chini. Ikiinuka kama ngozi ya kidonda, jua kazi ipo. Tazama maungio ya kioo kwa kioo kutoka nje, kwa jua la ubavuni: mapovu madogo au sehemu zenye weupe maana yake gundi haijashika. Pitisha kidole, taratibu, kwenye kingo za juu kutafuta mapengo. Pengo dogo juu halina neno, lakini ufa wowote kwenye kioo cha chini ni sababu ya kuondoka. Kama tangi ni refu na lina alama za vipande vya kioo vilivyokuwa vimekatiza juu yake, navyo havipo, elewa kwamba vilikuwa vinazuia kuta zisipanuke. Lazima virudishwe kabla ya maji kuingia.

Halafu lijazwe. Muuzaji akisema, "Kaka, haivuji hii, niamini," mwambie vizuri kwamba unamwamini na bado unaomba maji. Liwekwe mahali palipo sawa, gazeti kavu chini yake, lijazwe mpaka juu, likae saa 24. Gazeti likilowa hata doa moja, bei iteremke kwa kiasi cha kulifunga upya. Asipokubali lijazwe, lipia bei ya kioo tu.

Kulifunga upya si kazi ngumu, ni ya subira. Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote kwa wembe, kwa sababu mpya haishiki juu ya kuukuu. Tumia ile ya kioo inayonuka siki inapokauka. Usinunue iliyoandikwa kwamba ni ya bafuni au inazuia ukungu, maana dawa hiyo ya ukungu inaua samaki. Liache siku kadhaa, hadi wiki kwa tangi kubwa, mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Zile chokaa nyeupe kiooni zinatoka kwa siki ya jikoni. Sabuni isiguse tangi hata tone.

Muulize pia tangi lilikuwa na nini. Kama lilitibiwa kwa dawa za shaba, konokono na kamba wa maji baridi hawatakaa humo vizuri. Kisha tafuta sponji hai: mwombe mtu mwenye tangi lenye samaki wazima akukatie kipande cha lake, ulipachike kwenye chujio lako. Kwa kipande hicho, nafasi ya pili inakaribia kuwa ya kwanza.

Nafasi ya tatu: fundi vioo wa mtaani

Hili si la mtumba, ila linashinda mtumba mbovu. Mafundi wa aluminiamu na vioo wapo Sinza, Tabata, Kinondoni, kila mahali. Wengi wanajua kukata kioo vizuri sana lakini hawajawahi kubeba maji ndani yake, kwa hiyo vipimo ulete wewe. Futi mbili, kioo cha milimita 6. Futi tatu lenye kimo cha sentimita 45, milimita 8. Futi nne, milimita 10. Fundi akikwambia milimita 5 inatosha kwa futi tatu, msikilize kwa heshima uende kwa mwingine.

Nafasi ya mwisho: mabakuli na vitangi vya plastiki

Yale mabakuli ya duara na vitangi vya lita 5 au 10 vyenye taa za rangi, usivichukue hata ukipewa bure. Maji machache huchafuka haraka na kupata joto haraka, na hewa inayoyeyuka ndani yake ni kidogo. Naumia ninapoona mtoto amenunuliwa bakuli na goldifishi mmoja, kwa sababu najua atakachokikuta asubuhi ya wiki inayofuata.

Ukubwa na mahali pa kuliweka

Kama mfuko unaruhusu, ruka futi mbili uende tatu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linabeba lita 54, la 90 kwa 45 kwa 45 linabeba 182, na makosa ya mwanzo husamehewa zaidi kwenye maji mengi. Kumbuka lita moja ni kilo moja. Lile la futi tatu pamoja na kioo na mchanga linapita kilo 200, hivyo meza ya televisheni ya mbao za kubandika hailiwezi. Linataka meza ya chuma au tofali, pimamaji juu yake, na karatasi nene ya stairofomu chini ya tangi. Dirisha linalopigwa na jua la mchana likae mbali nalo.

Umeme, hewa na joto

Seti za mtumba huja na chujio kubwa la nje lililofungwa kama kopo. Ni zuri, lakini umeme ukikatika saa kadhaa, hewa ndani ya kopo huisha, bakteria hufa, na umeme ukirudi maji yaliyooza humwagika kwa samaki. Ukiwa nalo, lisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha. Kwa jiji letu napendekeza sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Pampu ya wati 4 ikiwaka mwezi mzima hula uniti zisizofika 3 za LUKU, na zipo ndogo za kuchomeka kwenye pawabanki. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji. Ikiwa chini, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mpira mpaka sakafuni, na kuiharibu.

Hita usinunue, na ikija na seti iuze. Shida yetu ni kinyume. Februari maji sebuleni kwangu hufika nyuzi 31, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo miezi hiyo ongeza mapovu, punguza chakula, na elekeza feni juu ya maji.

Maji

Maji ya DAWASA, ambayo sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, yana klorini. Yaweke kwenye ndoo saa 24 pampu ikipiga mapovu. Funika ndoo kwa chandarua au kanga: mbu wa dengi huzaa kwenye maji masafi yaliyotulia ndani ya nyumba, na Dar imeshapata milipuko ya dengi, ikiwemo ya 2014 na 2019. Kila wiki badilisha robo ya maji, si yote. Maji ya kisima yaonje. Kama yana chumvichumvi, usipigane nayo, chagua samaki anayeyapenda.

Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Wa baharini una chumvi na vipande vya kombe.

Samaki, kwa mpangilio wangu

Gapi na moli kwanza. Wanavumilia joto, wanakula viluwiluwi vya mbu, na moli hustawi hata kwenye maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Anza na gapi sita, madume watupu kama hutaki watoto, maana jike mmoja huweka mbegu ya dume mwilini kwa miezi na kuzaa karibu kila wiki nne.

Wa pili, kwa mwenye futi tatu au nne, ni sikilidi wa maziwa yetu: mbuna wa Nyasa na jamaa zao wa Tanganyika, ziwa lenye zaidi ya aina 200 za sikilidi ambazo nyingi haziko popote pengine duniani. Wanapenda maji magumu na mawe mengi, na kipande cha jiwe la matumbawe kinawafaa. Ni wagomvi, usiwachanganye na gapi. Inanifurahisha kuona samaki wa kwetu kwenye sebule ya Tabata, badala ya kuwaona kwenye picha za watu wa Ujerumani tu.

Beta dume, yule samaki mpiganaji, akae peke yake, na tangi la futi mbili linamtosha.

Goldifishi namweka mwisho. Ni samaki anayetaka maji yenye ubaridi, anachafua sana na anakua kupita kiganja. Plekosi anayeuzwa kama msafishaji, akiwa na urefu wa kidole, anaweza kufika sentimita 40. Na watoto wa perege wa bure kutoka bwawani watakula wenzao kabla hujaanza kuwala wewe.

Gapi wakizidi, na watazidi, usiwamwage mto Msimbazi wala kwenye mtaro. Kwenye madimbwi ya masika ya pwani hii wanaishi samaki wadogo wa rangi wa jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao husubiri ndani ya udongo mkavu mpaka mvua irudi, na mgeni mlafi anaweza kuwamaliza. Wape jirani kwenye ndoo yenye maji ya tangi lako, na umkatie na kipande cha sponji.