Dripu ya samaki: uzoefu wangu na kile kimpira cha matone

Ukikitoa kwenye boksi unaweza kudhani umetapeliwa. Mpira mwembamba kama ule wa pampu ya hewa, urefu wa mita mbili hivi, ndoano ya plastiki ya kuukalisha kwenye ukingo wa tangi la samaki wa baharini, kivalvu cha kuzungusha kwa vidole, na kikombe laini cha kunata kwenye kioo. Basi. Kazi yake ni kuchuruzisha maji ya tangi tone kwa tone hadi kwenye chombo alimo samaki mgeni, ili mwili wake uzoee chumvi mpya taratibu. Nyumbani wamekibatiza dripu, na kwa kweli nikikaa nacho pembeni ya ndoo najiona kama nauguza mtu wodini.

Nilikinunua kwa sababu ya tofauti ya chumvi. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo, na kwenye kipimo, kinacholinganisha uzito wake na wa maji yasiyo na chumvi (1.000), husoma 1.025 au 1.026. Tangi langu la lita 100 nalishikilia kwenye 1.026. Wauzaji wengi huwaweka samaki kwenye chumvi pungufu, 1.019 au 1.020, kuwabana vimelea na kupunguza gharama ya chumvi. Samaki anayetoka huko ukimtumbukiza kwenye 1.026 kwa mkupuo, maji yanamtoka mwilini kwa kasi kuliko anavyoweza kuyarudisha. Kushuka chumvi anavumilia. Kupanda ndiko kunakomtesa.

Wa kwanza kuwekewa dripu walikuwa wawili wa Amphiprion ocellaris, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Walikuwa wamekaa mfukoni chini ya nusu saa. Nikazima taa za tangi, nikauacha mfuko uelee tangini dakika 20 joto lilingane, kisha nikawamimina ndooni pamoja na maji yao, kama nusu lita tu. Nusu lita kwenye ndoo ni kidimbwi, samaki analala ubavu, kwa hiyo nikasukumia kitabu kinene chini ya ndoo upande mmoja maji yakakusanyika kwenye pembe. Nikavuta maji kwa mdomo (utaonja chumvi, hakuna namna), nikakaza valvu hadi matone matatu kwa sekunde.

Hapo mwanzo walishikamana pembeni, mapezi ya kifuani yakipepea haraka haraka. Baada ya kama saa moja maji yalikuwa yameongezeka maradufu na kipimo kinasoma 1.023. Nikamwaga nusu, nikaacha yajae tena: 1.024 na kitu. Nikawachota kwa kikombe, nikawamwagia kwenye wavu juu ya ndoo na kuwaingiza tangini bila tone la maji ya mfuko. Kesho yake asubuhi walikula. Siku hiyo ningekipa kifaa hiki nyota tano na kuongeza ya sita kwa kalamu.

Halafu nikamuua samaki kwa kifaa hichohicho.

Huyu alikuwa amesafirishwa. Alikaa mfukoni zaidi ya saa 24. Nilipoufungua maji yalinuka kidogo, nikasema masikini, safari ndefu, ngoja nimpe muda mrefu zaidi. Nikampa saa moja na nusu ya matone. Nilimwona akihema juu juu, mdomo usoni mwa maji, nikadhani ni uchovu. Alfajiri alikuwa chini ya jiwe, amekauka rangi.

Ilinibidi nirudi kwenye kemia niliyoikimbia shuleni. Samaki akiwa mfukoni anapumua na kutoa taka. Hewa ya ukaa inajaa humo na pH inashuka, yaani maji yanazidi kuwa na asidi. Ajabu yake, pH hiyo ya chini ndiyo inayomlinda, kwa kuwa sehemu kubwa ya amonia aliyoitoa inabaki katika umbo la amoniamu, lisilo na ukali mwingi. Ukifungua tu mfuko, hewa ya ukaa inatoroka, pH inapanda, na sehemu ya amoniamu inageuka kuwa amonia kamili, ile inayounguza matamvua. Mimi niliyejiona mpole nilikuwa nimemkalisha kwenye sumu hiyo dakika 90, huku nikimdondoshea maji ya pH 8.2 yaliyozidi kuikoleza. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kifaa haikuligusa jambo hili hata kwa mstari mmoja, na hapo ndipo ninapowalaumu waliokitengeneza.

Siku hizi samaki wa safari ndefu hawaoni dripu kwangu. Namuuliza muuzaji mapema anawaweka kwenye kiwango gani cha chumvi, natengeneza maji ya tangi la karantini yafike hapohapo, mfuko unaelea dakika 15 ukiwa bado umefungwa, naufungua, samaki anaingia mara moja. Mfuko ukifika napima tena, maana jibu la muuzaji na kipimo changu huwa hayaelewani. Kupandisha chumvi nakufanya baadaye, 0.001 au 0.002 kwa siku, samaki akiwa anakula na amonia haipo. Karantini yenyewe ningekuwa nayo hata bila haya, kwa ajili ya madoa meupe yanayoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Ukiyaingiza kwenye tangi kuu utajuta kwa miezi.

Mahali kifaa kinapolipa ni kwa wasio na mifupa: kamba, konokono, kiti cha pweza. Hao hawana uwezo wa samaki wa kurekebisha chumvi mwilini, na badiliko la ghafla linawamaliza hata kama kwa macho huoni kitu. Kamba wangu msafishaji, Lysmata amboinensis, nilimpa saa mbili na nusu kwa matone mawili kwa sekunde. Ilipofika saa ya pili akaukwea mpira wenyewe, akasimama pale maji yanapodondokea, ananyoosha zile sharubu nyeupe kama anayesubiri zamu bombani.

Kasoro za kifaa chenyewe ni hizi. Valvu haina msimamo: unaweka matone matatu, kapovu ka hewa kananasa, ukirudi unakuta tone moja. Mara moja ilifanya kinyume, ikalegea nikiwa kwenye simu, lita kama nne zikaenda sakafuni. Baya zaidi, kijazio cha tangi, kile kinachofidia maji yanayokauka, kikaona kina kimeshuka na kuongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Tangi likateremka hadi 1.025. Sasa nachomoa waya wa kijazio kabla sijagusa mpira. Maji ya ndooni pia yanapoa. Kwangu yaliwahi kutoka nyuzi 26 hadi 23 ndani ya saa mbili, ikabidi niweke hita ndogo.

Na nikuambie ukweli, mpira wa kawaida wa pampu ukiupiga fundo na kulikaza kidogo kidogo unatoa matone yaleyale, tena yenye utulivu kuliko ya valvu hii. Unacholipia ni ile ndoano, ambayo ni nzuri kwelikweli.

Kwa kamba na konokono nakipa nyota nne. Kwa samaki aliyetoka jirani, tatu. Ukishamaliza pitisha maji yasiyo na chumvi ndani ya valvu, vinginevyo chumvi inaganda na safari ijayo utaizungusha kwa koleo. Kikombe cha kunata kilikataa kushika kioo tangu wiki ya kwanza. Nimekitupa, natumia kibanio cha nguo.