Mtutu wa inchi ngapi kwa bunduki ya kuwindia mbali? Pima ukiwa umeshafunga kiwambo

Tangu msimu wa elki, yule kulungu mkubwa wa huku, uishe, malalamiko ninayoletewa na Waswahili wenzangu wa huku magharibi mwa Marekani ni ya aina moja. Mtu kanunua bunduki ya kupigia mbali, muuzaji kamsisitizia mtutu wa inchi 26 eti "ndio unaofika", akamwongezea na kiwambo cha sauti, kile kipande cha kufunga mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio, na siku ya kwanza porini bunduki inanasa kila tawi. Kaka mmoja wa Boise, jimbo la Idaho, ameniandikia kuwa mkewe ameibatiza jina: upondo wa kuangulia maembe. Nilicheka kwanza. Hasira zilikuja baadaye, kwa sababu yule muuzaji anaijua misitu ya Idaho kuliko mteja wake, na bado akanyamaza.

Leo sigusi kaliba, wala darubini, wala trega (kifyatulio). Hayo yameandikwa mpaka yamechuja. Nina neno moja tu, nalo ni urefu wa mtutu ukiwa na kiwambo mdomoni. Kwenye lebo ya dukani utakuta urefu wa mtutu mtupu, na watu wananunua kwa namba hiyo.

Kiwambo cha kawaida cha bunduki ya kuwindia kinaongeza inchi 6 hadi 8. Bunduki yenye mtutu wa inchi 24 ina urefu wa jumla wa inchi 44 na ushei. Funga kiwambo cha inchi 7, umeshafika 51, yaani karibu mita moja na sentimita 30. Ifunge kwenye begi la mgongoni uone mdomo unavyopita juu ya kichwa chako na kuchokoa kila msonobari unaopita chini yake. Halafu kuna uzito. Gramu 300 au 400 zikikaa karibu na kitako huzisikii, lakini zikikaa kwenye ncha ya mtutu mrefu zinavuta mkono wa kushoto chini kila sekunde. Kwenye uwanja wa shabaha, umelala kifudifudi na bunduki imeegemea miguu yake miwili, tatizo hili halionekani kabisa. Linaonekana mlimani, umepiga goti kwenye mteremko, pumzi zinakwenda mbio, na elki ameanza kuondoka.

"Lakini dada, mtutu ukiwa mfupi si napoteza kasi?" Unapoteza, ndiyo. Tuhesabu.

Chukua 6.5 Creedmoor, kaliba iliyotolewa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2007 na ambayo wengi wenu mnayo. Boksi la ELD-X, risasi yao ya kuwindia yenye uzito wa grini 143, limeandikwa futi 2,700 kwa sekunde, na kasi hiyo imepimwa kwa mtutu wa inchi 24. Kila inchi unayopunguza inakula futi 20 hadi 30 hivi. Kwa mtutu wa inchi 20 tuseme umebaki na 2,600. Kwa yadi 500, ambazo ni kama mita 457, risasi itashuka inchi 4 au 5 zaidi. Upepo nao utaisukuma zaidi kwa inchi moja hivi. Inchi hizo unazirekebisha kwenye darubini kwa kuzungusha kitufe, ilimradi unaijua kasi ya kweli ya bunduki yako. Anayeumia ni yule mwenye mtutu wa inchi 20 anayeingiza kwenye programu ya simu ya kuhesabu mshuko wa risasi ile 2,700 ya kwenye boksi, kisha anashangaa kwa nini anapiga chini. Azima kipima kasi, piga risasi zako tano, andika wastani. Viwanja vingi vya shabaha hukosi mtu mwenye nacho.

Kuna pia suala la risasi kufunguka na kutanuka vizuri ndani ya mnyama. Wawindaji wengi wanataka ifike ikiwa na walau futi 1,800 kwa sekunde. Kwa Creedmoor, ule upungufu wa futi 100 unakunyang'anya yadi 70 hivi za mwisho, huko kwenye 600, na wengi wetu huko hatuna kazi nako. Wanaotumia risasi za shaba tupu wawe waangalifu zaidi, maana hizo zinataka kasi kubwa ili zifunguke. Walioko California hawana hiari: risasi zenye madini ya risasi zimepigwa marufuku kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Na wala msihangaike na kiwambo, jimbo hilo haliruhusu raia kumiliki. New York na New Jersey ni vilevile.

Na lile la kwamba mtutu mrefu unalenga vizuri zaidi, liacheni. Mitutu miwili ya unene mmoja, mfupi ndio mgumu zaidi, unatikisika kidogo.

Basi mpangilio wangu ni huu.

Wa kwanza ni inchi 22. Ukifunga kiwambo unakuwa na inchi 29 za mtutu na kiwambo, kitu unachoweza kukibeba kwenye miti bila kugombana nacho, na kasi uliyopoteza haifiki futi 60. Unafaa kwa 6.5 Creedmoor, .308 na 7mm-08, na hata 6.5 PRC mimi ningeikubali hapo. Bunduki ya kununua ni Tikka T3x, na sioni aibu kusema. Inatengenezwa Finland, mji wa Riihimäki, na kiwanda cha Sako, mitutu yake inafuliwa kwa nyundo chuma kikiwa baridi, bolti (komeo la kupakia risasi) inanyanyuka nyuzi 70 tu kwa hiyo mkono haugongi darubini, na kiwanda kinakuhakikishia risasi tatu ndani ya inchi moja kwa yadi 100. Lakini sababu yangu kubwa ni kwamba Wafini wanawinda na viwambo kama sisi tunavyotembea na kanga, kwa hiyo kule mtutu mfupi wenye thredi za kufungia kiwambo mdomoni ni jambo la kawaida tangu zamani. Tikka hawanipi hata ganda tupu. Magazini yao ya plastiki inabeba risasi tatu na bei ya ile ya akiba ni ya kutia uchungu, hilo nalikiri.

Angalizo kwa mnaonunua za mkononi: zile za soko la Ulaya huwa na thredi ya M14x1 au M15x1, na viwambo vingi vya Marekani vinataka 5/8-24. Uliza kabla pesa haijatoka.

Wa pili ni inchi 20, kwa masharti. Uwe na kiwambo tayari mkononi, si kwenye ndoto, na usiwe na magnamu, yaani kaliba za baruti nyingi. Tikka wana T3x CTR ya urefu huo na ni nzito kidogo, lakini imetulia. Bila kiwambo, mtutu wa inchi 20 unakupigia kelele usoni, na ukiufunga muzo breki, kile kipande cha mdomoni cha kupunguza teke, ndio balaa kabisa. Bunduki za namna hii zinavuka desibeli 160, na sikio linaanza kuharibika kwa mlipuko wa 140. Vaa kinga.

Inchi 24 nimeiweka ya tatu, na najua mtanipigia kelele. Ni nzuri kwa 7mm PRC na .300 Win Mag, kaliba zenye baruti nyingi inayohitaji nafasi ya kuungua, na kama huna mpango wa kiwambo basi ipandishe mpaka ya kwanza. Ila mkisema "nitafunga kiwambo baadaye", rudini kwenye ile inchi 51.

Inchi 26 ni ya watu wa nyika tupu, mashariki mwa Wyoming au Nevada, na wa kaliba kama .300 Weatherby Magnum. Huko hakuna tawi la kukunasa. Kwa Idaho sikushauri, na kama unachukua mtutu mnene pamoja na darubini kubwa na miguu, pitisha kwenye mizani kwanza, maana sheria ya jimbo inakataza kuwindia bunduki inayozidi pauni 16 na vikorombwezo vyake vyote.

Inchi 16 hadi 18 ni fasheni ya sasa. Inchi 16 ndiyo mwisho wa sheria ya shirikisho kwa raifo, chini ya hapo unahitaji usajili wa pekee. Kwa masafa marefu, hapana.

Za bei nafuu: Ruger American ya kizazi cha pili, nyingi zina inchi 20 na thredi kabisa. Inapiga. Savage Axis nayo inapiga. Inatosha.

Kaka wa Arusha aliyeuliza kama haya yanamhusu: kidogo sana. Kwenye miombo mnyama unamwona akiwa mita mia au chini yake, na kwa nyati mazungumzo ni ya .375, si ya yadi 500. Kenya ndiyo kabisa, uwindaji ulifungwa mwaka 1977.

Sasa wauzaji. Ushuru wa dola 200 wa kiwambo umeshuka hadi sifuri tangu Januari 2026, usajili ukabaki palepale. Mlidhani mtapumua? Duka moja ninalolifahamu limebuni "ada ya kushughulikia fomu", na fomu yenyewe unaijaza mwenyewe. Boksi la risasi 20 za kuwindia la Creedmoor linapita dola 40 bila haya, la 7mm PRC ndio usiseme, kisha kijana wa kaunta anakuambia ununue magnamu "kwa usalama". Usalama wa nani? Mitutu ya inchi 26 inakaa kwenye rafu, ndiyo maana inasifiwa.

Ukiingia dukani, omba wakufungie kiwambo cha maonyesho kwenye bunduki unayoitaka, kisha upige nayo goti hapohapo sakafuni, mdomo ukiwa ukutani pasipo na mtu, bolti ikiwa wazi. Wakikataa, mlango ulioingilia bado upo.