Nimejaza PHQ-9 huku nina ugonjwa wa wasiwasi: uzoefu wangu

Ni ile karatasi ya maswali tisa ya kupima dalili za sonona. Naishi na ugonjwa wa wasiwasi, kwa hiyo nimeijaza mara nyingi hadi maswali nayajua kwa moyo.

Uzuri wake hauna ubishi. Haimgharimu mtu kitu, unaimaliza kabla hujaitwa ndani kwa daktari, na inakuuliza habari za wiki mbili zilizopita tu. Kila jibu hupata 0 hadi 3, jumla haipiti 27, na ikifika 10 wahudumu wengi huanza kukuangalia kwa jicho jingine, kama mtu mwenye sonona. Imetumika tangu 2001 na sioni dalili ya kustaafishwa.

Shida ni hiyo jumla. Kuna kipindi wasiwasi ulinipanda vibaya, nikawa macho hadi alfajiri nikiwaza mambo ambayo hata hayajatokea. Usingizi nikaweka 3, uchovu 3, kushindwa kutuliza akili 2, kuhangaika nisitulie 2. Tayari 10! Lakini maswali mawili ya mwanzo, la kukosa hamu ya mambo na la huzuni au kukata tamaa, yote niliweka 0. Aliyenihudumia alijumlisha, akaniambia nina sonona ya wastani, basi. Hakuuliza hizo 10 zimetoka wapi, wakati bila mojawapo ya dalili hizo mbili za mwanzo hata sonona kubwa yenyewe haithibitishwi.

Baadaye nilipata jumla inayokaribia ile ile, ila safari hii maswali hayo mawili ndiyo yaliyobeba mzigo. Simu za marafiki niliziacha ziite. Siyo kwa hofu ya kuzungumza, hofu naijua vizuri. Sikuona tu sababu ya kupokea. Mtaalamu mwingine aliliona hilo mara moja, kwa sababu alisoma jibu moja moja na kuniwekea pembeni GAD-7, dodoso dogo la wasiwasi lenye maswali saba. Hapo ndipo karatasi hii ilipoanza kunifaa.

Nimewahi kujaza HADS pia, ya 1983: maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya sonona. Haiulizi usingizi wala hamu ya kula, na kwa mtu kama mimi hiyo ni nafuu kubwa. Ila ina mwenyewe, inahitaji leseni, ndiyo maana huioni kila mahali.

Kwa PHQ-9 natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya wanaosoma jumla peke yake. Ukipewa, omba na GAD-7, kisha mwonyeshe anayekuhudumia namba ulizoandika kwenye swali la kwanza na la pili. Na swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, hata ukiweka 1 tu na jumla iwe ndogo, liseme kwa mdomo kabla hujatoka chumbani.