Kamusi elezo waliyotusomea Ukara: maoni ya muuza dagaa wa Mwaloni

Mara ya kwanza walinikuta Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba, Mwanza, saa moja asubuhi, magunia yangu yakiwa bado kwenye mkokoteni, nami nikawafukuza. Kijana mmoja na binti mmoja, simu mkononi, wanataka niwaeleze historia ya soko. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, mzigo wa Goziba ndiyo kwanza umeshuka. Historia nitakueleza nikishauza." Hawakununa. Saa tisa alasiri wakarudi, wakakaa juu ya magunia matupu na kunisubiri nimalize kuhesabu hela. Kwa subira ile ndipo nikakubali kuwasikiliza.

Wanachotengeneza ni kamusi elezo ya historia ya Kanda ya Ziwa, kwa Kiswahili, na kuisoma kwenye simu ni bure. Nimeisoma na kuichangia mwaka mzima sasa. Hakuna aliyenilipa kuandika maoni haya. Nawaandikia watu wa mialoni na visiwani ambao kesho au keshokutwa watafuatwa kama nilivyofuatwa mimi, nao hawajui wakubali au wakatae.

Watoto wangu shuleni wanatumia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Yeyote anaruhusiwa kuandika humo, na ni jambo jema, lakini kanuni yake inataka unachokiandika kiwe kimeshachapishwa mahali pengine. Sasa habari za kina mama wa mwaloni zilichapishwa wapi? Ziko vichwani mwetu. Hawa vijana wanapokea maneno ya mdomo: wanakurekodi, wanaandika makala, halafu wanarudi palepale walipokurekodi na kuwasomea wote kwa sauti kabla ya kuiweka kwenye intaneti. Ni huko kurudi ndiko kulikonifanya nikae nao. Waandishi wengi wameshakuja kutuuliza maswali. Wa kurudi nilikuwa sijamwona.

Mimi ni mzaliwa wa Ukara, kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, kwa hiyo makala ya Ukara ilipokaribia kuwa tayari niliomba kuandamana nao. Ni meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora, kisha kivuko hadi Bwisya. Watu walikusanyika chini ya mwembe, wengi wao wazee, na binti akaanza kusoma taratibu. Alipofika penye sentensi iliyosema kwamba Wakara walifundishwa kutumia samadi na mabwana shamba wa kikoloni, baba yangu mkubwa akainua fimbo yake.

"Rudia hapo, mjukuu wangu."

Akarudia.

"Aliyekuandikia hivyo nani?"

Binti alisema walikuta hivyo kwenye maandishi fulani ya wanafunzi. Baba mkubwa hakugomba. Aliomba maji, akanywa, akaanza kueleza namna bibi yake alivyofuga. Ng'ombe walikaa ndani ya nyumba, penye shimo lililochimbwa kwa ajili yao, wakikatiwa majani na kuletewa, maana kisiwa hakina malisho ya kuachia mifugo itembee. Samadi ilijaa mle shimoni, ikatolewa na kubebwa kichwani kwa vikapu hadi shambani. Katikati ya mawele walipanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, na mawele yakishavunwa marejea yanafukiwa yaozee udongoni. Zamu ya njugu mawe nayo hufika. Miti ilikuwa na wenyewe, mmoja mmoja, na majani yake ni chakula cha mifugo, ole wako ukate tawi la mwenzio. Mzee aliongea karibu saa nzima, na mahali alipokwama wazee wenzake walimkumbusha.

Sababu ya yote hayo kila Mkara anaijua. Kisiwa ni kidogo, kama kilomita za mraba 80 tu, na watu ni wengi tangu zamani. Huwezi kuliacha shamba lililochoka ukahamia jingine. Usipoulisha udongo, nao hautakulisha.

Wale vijana hawakuishia kufuta sentensi. Wiki chache baadaye binti alinipigia simu. Wamepata maandishi ya maofisa wa kilimo wa Kiingereza wa miaka ya 1930, nayo yanaeleza kilimo hicho kama kitu walichokikuta Ukara kinafanyika tayari. Waliokwenda kujifunza ni hao maofisa. Sasa makala ina maneno ya baba mkubwa, na sauti yake unaweza kuisikiliza, na chini yake yako maelezo ya maandishi yale. Niliposoma nililia, sitaficha. Nilipokuwa shuleni mjini nilikuwa nikichekwa kwamba Wakara wanalala na ng'ombe.

Jambo la pili linalonifanya niisifu kazi hii ni makala ya MV Nyerere. Kivuko kile kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228. Nilikuwa na wateja watatu ndani yake, wanawake waliokuwa wakichukua mzigo kwangu na kulipa kila baada ya gulio. Vijana walipofika kwenye habari hiyo hawakusoma kwanza, waliuliza: majina ya marehemu yaandikwe au yasiandikwe? Watu hawakukubaliana. Wapo waliosema jina likikosekana mtu anakufa mara ya pili. Wapo waliosema hawataki jina la mtoto wao liguswe na kila mwenye simu. Ikaamuliwa kila familia ijiamulie yenyewe, bila kushurutishwa, na atakayebadili mawazo baadaye asikilizwe. Mpaka leo ninapoandika, makala ina tarehe, idadi, uwezo wa kivuko, maelezo ya gulio, na majina machache tu. Mimi naona ndivyo inavyopaswa kuwa.

Makala ya ziwa lenyewe ilizua ubishi mrefu. John Hanning Speke aliliona tarehe 3 Agosti 1858 akiwa huku kwetu Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Lakini Wasukuma wanasema Nyanza, Waluo wanasema Nam Lolwe, Waganda wanasema Nalubaale, na kuna ramani za zamani zilizoliita Ukerewe. Makala ianze kwa jina gani? Wameliweka Ziwa Victoria juu, maana ndilo watu wanalotafuta, na majina mengine yote ukiyaandika yanakuleta palepale. Mimi ningeanza na Nyanza. Nimewaambia, wameandika.

Kuhusu samaki wamefanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Rasimu ya kwanza ilianza na sangara, kana kwamba kabla yake ziwa lilikuwa tupu. Sangara walipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na viwanda vya minofu Mwanza vikaja miaka ya 1990, mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya kutolewa minofu, yakawa kitoweo cha wasio na uwezo. Niliwaambia waanze na furu, samaki wa asili wa ziwa hili. Mama yangu alikuwa akirudi na furu waliotungwa kwenye ugwe, wadogo, wa rangi rangi, na hakuna aliyewahesabu kwa sababu walikuwa wengi mno. Miaka ya 1980 wakapungua hadi watoto waliozaliwa baadaye wakawa hawawajui. Hayo yote sasa yamo. Yamo pia mambo ya dagaa: uvuvi wa gizani kwa karabai, baadaye taa za sola, tofauti ya dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa juu ya kichanja, na kwa nini wa kichanja bei yake iko juu. Kipimo cha sado nacho wamekieleza, kwamba ni ndoo ya rangi iliyogeuka kuwa mizani ya soko zima. Ajuaye biashara hii akisoma ataona imeandikwa kwa kuuliza wahusika.

Wasukuma wa Kisesa waliniambia jambo hili kwao si geni. Pale Bujora, Padre David Clement kutoka Kanada alianza kuhifadhi ngoma na vyombo vyao akishirikiana na Wasukuma wenyewe, na leo ni makumbusho unayoweza kuwapeleka watoto. Niliwapeleka wangu, wakaona ngoma za watemi. Nendeni.

Sasa kasoro, maana zipo na zinaniuma.

Kubwa ni saa. Mikutano yao mingi walikuwa wakiiita saa nne asubuhi, tena mara nyingine siku ya gulio. Saa hizo mwanamke wa mwaloni anaanika, anageuza, anapima, anafunga magunia. Wanaobaki na nafasi ya kukaa chini ya mti ni wazee wa kiume. Matokeo yake utayaona mwenyewe: soma makala ya mwalo wowote iliyoandikwa miezi ya mwanzo, utakuta wenye mitumbwi, wenye nyavu, wenyeviti, na wanawake sentensi mbili. Kwenye mkutano mmoja kina mama walioitwa ndio waliopika chai, na kinasa sauti kilizimwa kabla hawajamaliza kuosha vikombe. Niliwaambia palepale, kwa sauti ya juu, na sijutii.

Ya pili ni majina. Mzee akizungumza anaandikwa jina lake kamili akiridhia. Mwanamke aliyewaeleza mambo ya kukausha dagaa aliandikwa "mwanamke mmoja mfanyabiashara". Alikuwa ameridhia jina lake litumike, karatasi ameweka sahihi. Walirekebisha baada ya mimi kuwauliza, lakini ilibidi niulize.

Kutafuta nako kuna matatizo. Andika neno la Kisukuma lenye ng', kwa mfano ng'wadila, hupati kitu. Liandike bila ile alama, unalipata. Kwa kanda hii, ambako majina mengi ya watu na vijiji yana ng', hilo linahitaji kutengenezwa haraka. Na sauti ni nzito. Kumsikiliza baba mkubwa kwa dakika ishirini kulimaliza bando langu la siku. Dawa niliyoipata ni kuwaomba wakuwekee rekodi kwenye memori kadi, wanakubali bila malipo, na familia ya anayerekodiwa inapewa nakala yake. Sisi ya baba mkubwa tunayo kwenye redio ya kadi pale nyumbani Ukara, na wajukuu wanaisikiliza jioni.

Kabla hujakubali kurekodiwa, waombe wakusomee ile karatasi ya ridhaa yote, usisaini kwa kuangalia. Kiswahili chake ni cha ofisini. Ndani yake kuna haki muhimu: unaweza kuondoa maneno yako hata baada ya makala kutoka, na unaweza kuzuia sauti lakini ukaruhusu maandishi. Jirani yangu hakujua hilo, akakataa kabisa, na tukakosa habari za pamba za marehemu baba yake, aliyekuwa mwanachama wa ushirika tangu enzi za Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa wakulima wa pamba.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia mpaka makala ya Mwaloni isomwe. Hiyo bado. Walitaka kuisoma Jumatatu saa nne, nikawaambia hapana. Tumekubaliana iwe wakati wa mwezi mkubwa, usiku ambao mitumbwi ya dagaa haitoki kwa kuwa taa haishindi mbalamwezi, na asubuhi yake hakuna mzigo unaoshuka. Siku hizo mikono yetu iko mitupu. Nimeshawaambia kina mama kumi na wawili, na mmoja wao yuko sokoni hapo tangu kabla sijafika mimi.